Ironman 70.3 Rwanda na familia nzima: jinsi ya kupanga ili msinuniane njiani

Watu wengi wanaotaka kwenda Rubavu kufanya Ironman 70.3 wanaulizia mazoezi tu, niogelee kiasi gani kwa wiki, ninunue baiskeli gani, nile nini asubuhi, na hayo yote majibu yake yamejaa kila kona. Kinachowamaliza watu sio hizo kilomita. Kinachowamaliza ni siku mbili kabla ya mbio, mko hotelini watoto wanataka kwenda ziwani, mama mkwe anauliza chakula kiko wapi, mumeo anatafuta laini ya simu, na wewe ulitakiwa uwe umelala miguu juu. Kwa hiyo naandika hii kwa ajili ya mtu wa Dar, Arusha, Nairobi au Kampala anayekwenda na ukoo wake, mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto, sio pro.

Kwa asiyejua, 70.3 ni jumla ya maili, kwetu ni kama kilomita 113: unaogelea 1.9 km, unapiga baiskeli 90 km, halafu unakimbia 21.1 km, vyote siku hiyo hiyo bila kupumzika. Ya Rwanda ilianza Agosti 2022 pale Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, kwenye Ziwa Kivu. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki ni nafuu kubwa, maana vinginevyo ungejikuta Afrika Kusini, au Ulaya na viza ya kila mtoto.

Mbio kwanza, likizo baadaye

Hili ndilo la muhimu kuliko yote nitakayosema hapa. Usianze na kutalii. Najua inavutia, mmeshafika Kigali, watoto wana hamu, mnasema tuzunguke siku tatu halafu twende kwenye mbio tukiwa tumechangamka. Hamtachangamka. Mtafika Rubavu mmechoka, mtoto mmoja ana mafua, na wewe umetembea Kigali milima juu milima chini hadi mapaja yanauma. Geuza ratiba: mnafika, mnakwenda moja kwa moja Rubavu, mnakaa kimya, unakimbia Jumapili yako, halafu kuanzia Jumatatu wewe ni mali ya familia na wao ndio wanaamua. Ukiwaambia hivyo mapema, mezani nyumbani kabla hata hujalipa ada, watakuvumilia zile siku za kwanza kwa sababu wanajua zamu yao inakuja. Usipowaambia kila siku itakuwa ni mabishano.

Tena kaa na mwenzio mkubaliane mambo kwa majina, nani anaamka na watoto usiku wa kuamkia mbio (sio wewe), nani anashika hela, nani anaongea na dereva. Kama kuna uwezekano wa kwenda na mtu mzima wa tatu, dada, wifi, mama, nenda naye. Baba watoto peke yake na watoto wawili wadogo jua kali masaa saba anamsubiri mtu ambaye atamuona sekunde kumi kila baada ya saa nzima, hiyo ni adhabu, na mwakani hatakuruhusu.

Makaratasi na njia

Mkenya na Mganda mtu mzima anaweza kuingia Rwanda na kitambulisho cha taifa, Mtanzania beba pasipoti. Watoto ndio wanasahaulika, maana hawana kitambulisho, wanahitaji hati yao ya kusafiria, na kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja chukua barua ya ridhaa ya yule mwingine pamoja na cheti cha kuzaliwa, hata kama hawataiuliza. Kadi za homa ya njano weka humo humo kwenye bahasha moja. Wewe mwenyewe kitambulisho kile kile ulichojisajilia kwenye mbio ndicho uende nacho kuchukua namba, mtu mwingine hawezi kukuchukulia.

Kutoka Dar hadi Kigali ndege ya moja kwa moja ni kama saa moja na nusu hivi. Basi kupitia Rusumo lipo na bei yake inavutia lakini na baiskeli na watoto, hapana, mimi sikushauri. Kutoka Kigali hadi Rubavu ni zaidi ya kilomita 150, barabara ni ya lami nzuri kweli ila ni kona na milima mwanzo mwisho kupitia Musanze, na spidi inabanwa sana, kamera ziko kila mahali, kwa hiyo hesabu masaa matatu na kitu. Mtoto anayetapika kwenye gari mpe kiti cha dirishani na usimjaze juisi kabla. Kodi gari kubwa lenye dereva, boksi la baiskeli linakula nafasi ya watu wawili, muulize mwenye gari kwa vipimo sio kwa maneno, mtu atakwambia "itaingia tu" halafu mnafika uwanja wa ndege haiingii.

Kama safari yenu inaangukia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuna umuganda, yaani kazi za usafi na ujenzi wa taifa, asubuhi ile maduka yanafungwa na magari hayatembei ovyo hadi kama saa tano. Msipange kuondoka saa mbili asubuhi siku hiyo.

Halafu kuna vitu viwili vidogo vinavyokera watu. Cha kwanza, Rwanda iko nyuma saa moja ukilinganisha na Tanzania, Kenya na Uganda. Watoto wataamka saa kumi na moja ya kule wakidhani kumekucha, na wewe usingizi utakuja mapema, hiyo ni faida yako, itumie, lala saa mbili usiku bila aibu. Cha pili, soketi za umeme ni zile za pini mbili za mviringo kama za Ulaya, sio zetu za pini tatu, kwa hiyo saa yako, taa ya baiskeli na simu za familia nzima zitagombania adapta moja kama hukununua tatu huku huku nyumbani.

Baiskeli kwenye boksi

Punguza upepo kwenye matairi, usiutoe wote. Fungua pedali, na kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kama unakaza, watu wameharibu nati hapo. Fungua gia ya nyuma kwenye fremu uifunge katikati ya fremu, maana boksi likiangushwa kale kachuma kanakoshikilia gia ndiko kanakopinda kwanza, na beba kengine ka akiba ka modeli yako hiyo hiyo kwa sababu Rubavu hukapati. Betri za lithiamu zinakwenda na wewe kwenye kabini. Vile vichupa vya gesi ya CO2 vya kujazia tairi uliza shirika la ndege kabla, ukinyimwa beba pampu ya mkono.

Usifunge baiskeli kwa mifuko ya plastiki. Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008 na uwanja wa ndege wanakagua kweli. Hapa khanga ndiyo inafanya kazi, khanga kuukuu kwenye foku, khanga kwenye fremu, taulo za watoto pembeni ya magurudumu, na mkifika kila kitu kinatumika kwa kazi yake. Nguo mbichi baada ya mbio weka kwenye mfuko wa kitambaa.

Fundi wapo, Rwanda ni nchi ya baiskeli, wana Tour du Rwanda na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, mara ya kwanza Afrika, lakini wataalamu wa baiskeli za carbon wengi utawapata Kigali, kule ziwani usitegemee sana. Iunganishe siku ile ile unayofika, uipande dakika ishirini, ili kama kuna tatizo uwe na muda.

Na hapa naomba unisikilize vizuri: Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Kwako maana yake kwenye mbio unakaa kulia na unapita watu kwa kushoto, kinyume na unavyofanya alfajiri Bagamoyo Road, na kichwa kikichoka kilomita ya 70 kinarudi kwenye mazoea, kwa hiyo jizoeze hata kwa kujisemea. Kwa watoto ni hatari zaidi, mtoto wa Dar amefundishwa kuangalia kulia kwanza kabla hajavuka, kule gari linamjia kushoto. Wafundishe siku ya kwanza, tembea nao kabisa, vukeni barabara mara nne tano. Pikipiki za kule pia zinabeba abiria mmoja tu na kila mmoja na helmeti, ile yetu ya baba, mama na watoto wawili kwenye boda moja sahau.

Mkae wapi

Chumba kiwe umbali wa kutembea hadi ziwani, hata kama ni kidogo na kibaya kuliko kile cha hoteli ya mbali yenye bwawa. Siku ya mbio barabara zinafungwa, ukiwa upande usio sahihi familia inakwama huko hadi mchana. Bukingi fanya mapema maana mji sio mkubwa. Na tafuta penye jiko au angalau birika la umeme, kwa sababu utakula alfajiri sana, hotelini wapishi bado wamelala, na tumbo lako linajua uji wa ulezi na ndizi, sio maandazi mageni. Beba unga wako.

Agosti ni kiangazi, mchana pazuri ila usiku baridi, ziwa liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi hatasikia kitu. Mtu wa pwani pumzi itakaza kidogo siku za mwanzo, ukipanda mlima unaona moyo unakimbia kuliko ulivyozoea, usiogope, punguza tu kasi kwa asilimia chache na kunywa maji. Masweta ya watoto ni lazima.

Kuhusu ziwa lenyewe, Kivu halina mamba wala viboko, hilo wazazi wote wanauliza. Lakini ni ziwa lenye gesi nyingi chini, na ukanda ule wa kaskazini, hasa upande wa Goma, kuna mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni inajikusanya, wenyewe wanaita mazuku. Kwa hiyo watoto waogelee pale pa umma penye watu wengi, na wasiende kuchimba chimba kwenye mashimo ya pembeni peke yao.

Halafu Goma iko pua na mdomo, unaiona. Usiweke kuvuka mpaka kwenye mpango wa likizo. Januari 2025 waasi wa M23 walipoichukua Goma risasi na mabomu vilifika hadi Rubavu na watu walikufa, kwa hiyo kabla hujalipa kitu kisichorudishika angalia hali ikoje na soma masharti ya kuahirisha ada yako.

Familia wanaruhusiwa nini siku ya mbio

Watu wanafutwa kwenye matokeo kwa upendo wa ndugu zao. Sheria za Ironman hazitaki msaada wa nje, mumeo hawezi kukupa chupa ya maji, mdogo wako hawezi kukimbia pembeni yako hata mita mia, na mama hawezi kukurushia jeli. Maji na chakula unachukua kwenye vituo vyao tu. Kubwa kuliko yote ni kumaliza: ile picha ya kukatisha mstari umembeba mtoto huwezi kuipata hapa, kuingiza ndugu kwenye njia ya kumalizia kunakufuta. Mwambie mtoto mapema, mpe kazi nyingine, mwambie akae kwenye uzio mita chache kabla, mgongane viganja, halafu picha mtapiga baada ya medali. Usipomwambia ataruka uzio au atalia, na vyote viwili vinaumiza.

Wape karatasi ya muda. Sio "nitamaliza mchana", hapana, andika. Mfano mbio zikianza saa 1:00 asubuhi na wewe ni mtu wa kati: kutoka majini 1:45, naondoka na baiskeli 1:51, narudi 5:11, naanza kukimbia 5:16, namaliza 7:36 mchana. Chini yake andika kofia yangu ya kuogelea rangi gani, namba yangu, nguo gani. Kila saa ongeza "au dakika 20 baadaye, msiogope". Kwenye kuogelea wasihangaike kukutafuta, vichwa vyote vinafanana, wakae pale mnapotokea majini. Ukishaondoka na baiskeli wana zaidi ya masaa matatu, hapo ndipo waende wakanywe chai, watoto waoge, walale hata kidogo, kisha warudi kwenye kukimbia ambako mara nyingi ni mizunguko na ndiyo sehemu nzuri ya kukuona zaidi ya mara moja, na ndiyo sehemu utakayowahitaji. Kuna programu ya Ironman ya kufuatilia kwenye simu, wanunulie bando, ila waambie ikikwama haimaanishi umezama.

Ukikubaliana muda na dereva au mtu wa hoteli andika kwa tarakimu, 06:00. Kiswahili wanaongea wengi Rubavu kwa sababu ya ujirani na Congo, lakini saa zao wanaweza kuzihesabu kizungu, ukisema "njoo saa kumi na moja alfajiri" mtu anaweza kukuangalia tu.

Siku yenyewe kwa kifupi

Baiskeli unaipeleka transishen, yaani eneo la kubadilishia kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, siku moja kabla, inalala pale. Mpe mumeo watoto mchana ule, nenda peke yako, tembea kwa miguu kutoka pale mnapotokea majini hadi kwenye baiskeli yako, hesabu mistari, kisha kutoka kwenye baiskeli hadi mlango wa kutokea. Rudi ulale.

Wetisuti, lile vazi la mpira la kuogelea, wanaruhusu kwa sisi wa kawaida maji yakiwa hadi nyuzi 24.5, ikizidi hapo inazuiliwa au huhesabiwi kwenye zawadi, na Kivu huwa inacheza karibu na mpaka huo huo, kwa hiyo fanya mazoezi bila hiyo na usikope hela kwa ajili ya kuinunua. Kama umezoea Coco Beach yenye chumvi jua kwamba ziwani mwili hauelei vile vile, miguu inazama kidogo, nenda ukajaribu maji yasiyo na chumvi wiki zile za mwanzo. Limiti ya kuogelea huwa saa moja na dakika 10 na ya mbio nzima masaa manane na nusu, hakikisha kwenye mwongozo wa mwaka wako.

Kwenye baiskeli funga helmeti kabla hujaigusa, sio baada. Mtu wa mbele mpe mita 12, ukiingia ndani ya hizo una sekunde 25 za kumpita, ukikaa mgongoni kwake unapewa dakika tano za kusimama. Takataka tupa eneo la kituo tu, na huko ni Rwanda, hata bila sheria ya mbio utaona aibu. Spika za masikioni acha kwa watoto. Milima ipo, panda kwa gia ndogo ukiwa unaweza kuongea, maana nusu marathoni bado.

Kama unaona yote haya ni mengi kwa mwaka wa kwanza, fanyeni timu ya kupokezana, wewe ogelea, shemeji apige baiskeli, mdogo wako akimbie. Nauli ni ile ile ila mawazo ni theluthi, na ndugu wanaokuja kama washindani hawalalamiki kuhusu hoteli.

Ukimaliza

Usiwatafute ukiwa huna simu katikati ya watu mia tano. Mkubaliane sehemu moja yenye kivuli, mti fulani au lango fulani, mmeiona jana yake, na anayefika kwanza hahami. Muda huo mumeo awe na mfuko wenye nguo kavu, ndala, na kitu cha chumvi. Baiskeli unaitoa wewe mwenyewe kwa namba yako ya mkononi, kwa hiyo usikate ile bendi kwa furaha, na usimtume mtu.

Jioni ile sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa Kivu, na mishikaki, na kila mtu alale. Jumatatu zamu yao: maji moto ya Nyamyumba, boti ziwani, mashamba ya chai, halafu mkirudi Kigali mnalala Musanze mnaona volkano. Sokwe wa milimani usiwaahidi watoto, umri wa chini ni miaka 15 na kibali cha mgeni ni dola 1,500 kwa kichwa, ingawa raia wa Afrika Mashariki mnaweza kuulizia bei yenu. Na ngazi utashuka kinyumenyume siku mbili, kwa hiyo hoteli ya Musanze chukueni chumba cha chini, na boksi la baiskeli lifungwe Rubavu kabla hamjaondoka, sio usiku wa ndege.